Bi Madonge na Miaka Thelathini na Mmoja ya Kuwinda Donge

Ijumaa ya tarehe thelathini Juni, saa kumi kamili jioni, Bi Madonge atavua koti lake jeupe, atalikunja nje kuwa ndani ili vumbi lisiruke, atalitia kwenye mfuko wa nguo za kufua, na kwa mara ya kwanza hatarudi Jumatatu kulidai. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi katika karakana yetu ya miguu bandia. Miaka yote hiyo ameitumikia ndani ya chumba kimoja chenye mlango wa kijani, mwisho wa korido, ambacho wageni hukipita wakidhani ni stoo ya mafagio.

Mhariri wa jarida letu aliomba wasifu huu uandikwe na mtu anayemfahamu mstaafu vizuri. Akanichagua mimi, mtu wa chumba cha majaribio, ambaye kwa miaka kumi na tisa nimekula mshahara wa kuvunja alichokitengeneza yeye. Sikukataa. Hakuna anayemjua mtu kama yule anayelipwa kutafuta makosa yake, na kwa upande wangu kuna jambo moja ambalo nimechelewa kulisema.

Kwa wenzetu wa ofisi ya mbele, ambao huuona mguu ukiwa umeshavishwa kiatu, nieleze kidogo. Ndani ya kila mguu wetu kuna bamba lililopinda, la matabaka ya kitambaa cha nyuzi yaliyogandishwa kwa resini, ile gundi nzito ya rangi ya asali ambayo ikishakauka inakuwa ngumu kama kioo. Bamba hilo ndilo linalojikunja mtu anapokanyaga, kisha likamsukuma mbele anapoinua kisigino. Tatizo la resini ikiwa peke yake ni kwamba haina subira. Ufa ukianza, hata uwe mwembamba kama unywele, unakimbia mpaka mwisho bila kumwuliza mtu. Dawa yake ni unga wa kauri, wenye chembe ndogo mno kiasi kwamba elfu kadhaa zaweza kujipanga foleni kwenye upana wa unywele mmoja. Ufa ukikutana na chembe, unalazimika kuzunguka, ukikutana na nyingine, unazunguka tena, mwishowe unachoka.

Lakini kuna sharti. Chembe hizo zinapendana kupita kiasi. Ukizimimina ovyo, zinashikana na kuwa madonge, na donge moja ndani ya bamba ni baya kuliko kutokuwa na unga kabisa, kwa sababu ufa huanzia hapo. Wahenga walisema umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Bi Madonge aliibandika methali hiyo ukutani kwake miaka mingi iliyopita akiwa ameipindua, na chini yake akaandika kwa kalamu nyekundu: samahani wahenga, humu ndani ni kinyume.

Alikuja kwetu kutoka kiwanda cha rangi za nyumba, alikokoroga mapipa kwa miaka sita. Siku hizo tulitumia unga wa chokaa kutengenezea maganda ya nje ya mguu, na fundi mkuu wa wakati huo alikuwa na tabia ya kumwaga mfuko mzima ndani ya pipa na kuiacha mashine ipige kelele. Mama huyu mgeni, siku yake ya pili kazini, alichovya kijiti, akakiangalia kwenye mwanga wa dirisha, akasema kwa upole kwamba hapa pana madonge. Fundi mkuu akasema yeye hayaoni. Mama akajibu kwamba hata yeye hayaoni, ila anayasikia, maana sauti ya mashine ilikuwa ikipanda na kushuka kama mtu anayetafuna mchanga. Wakachuja. Kwenye chujio yakabaki madonge ya kujaza bakuli. Jina likamganda tangu siku hiyo. Ingekuwa haki zaidi kumwita Adui wa Madonge, lakini majina ya utani hayaendi kwa haki.

Mama mkwe wake, ambaye alimpenda sana, ndiye aliyekaribia kumtia matatani. Kwenye mkusanyiko mmoja wa majirani alitangaza kwa fahari kwamba mke wa mwanawe anafanya kazi ya unga, tena unga mweupe, unaopimwa kwa gramu na kulazwa ndani ya kabati lenye kufuli. Majirani wakatazamana. Mumewe, fundi cherehani mwenye haya kuliko watu wote niliowahi kukutana nao, ilimbidi azunguke nyumba kwa nyumba na mguu wa maonyesho kwapani, akieleza ni unga gani unaozungumziwa.

Unga wa kauri wenyewe ulifika kwetu miaka kumi na sita iliyopita. Meneja wetu, mhandisi aliyesoma akasomeka, na ambaye hatafurahi kusoma aya hii, alitaka utiwe sehemu kumi kwa mia, kwa hesabu kwamba kama kidogo ni kizuri basi kingi ni kizuri zaidi. Mchanganyiko ukawa mzito kama lami, kijiti kikasimama chenyewe katikati. Bi Madonge alisubiri meneja aende mkutanoni, akaanza upya na sehemu tatu. Wala hakuumwaga unga kwenye resini. Alifanya kama alivyofundishwa na mapipa ya rangi: alichukua unga wote na resini kidogo tu, akaupitisha kwenye mashine ya roli tatu mpaka ukawa laini kama siagi, ndipo akaiongeza resini iliyobaki, haba na haba. Mwisho aliuweka chini ya ile mashine ya mawimbi ya sauti ambayo kwa mlio wake tunaiita Mbu. Dakika tano kazi, dakika tano pumziko, chombo kikiwa ndani ya barafu ili resini isipate moto na kuganda kabla ya wakati wake. Meneja aliporudi na kuona mchanganyiko umekubali, aliuliza ni kanuni gani iliyotumika. Akaambiwa ni kanuni ya kutokuwa na haraka.

Kipimo chake kilikuwa vipande viwili vya kioo na kalenda ya zamani. Tone la mchanganyiko lilibanwa kati ya vioo, likawekwa juu ya tarehe za kalenda, na tarehe yoyote ikionekana na mabaka, kundi zima lilirudi kwa Mbu. Nimewaona mafundi wenye vyeti vyao wakibishana naye juu ya tarehe kumi na saba. Hakuna aliyeshinda. Kalenda hiyo bado ipo, na ina umri mkubwa kuliko baadhi ya mafundi hao.

Sasa niingie kwenye habari iliyonifanya nikubali kuandika.

Kila mahali pa kazi pana mahali pake pa chai. Petu palikuwa chumba cha mlango wa kijani, kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa na meza pana na soketi mbili zinazofanya kazi, na kwa sababu birika lilikuwa lake. Lilikuwa birika la umeme la bati, lenye mfuniko uliolegea, alilokuja nalo wiki yake ya kwanza. Saa nne asubuhi lilichemka pale kwenye kona ya meza, likitoa mvuke mpaka kioo cha dirisha kinatoka jasho, na karakana nzima ilipita mle kwa zamu na vikombe. Humo ndimo tulimotaniana, tulimopatana na tulimosuluhishwa tulipogombana. Bi Madonge alimimina mwenyewe, na alijua nani anataka sukari mbili na nani amekatazwa na daktari lakini bado anajaribu bahati yake. Hakuna aliyewahi kufikiria kwamba chai ni sehemu ya kazi.

Miaka kumi na minne iliyopita mabamba yetu yakaanza kutuaibisha. Mengine yalikuwa hodari kuliko chochote tulichowahi kutengeneza. Mengine, ya unga uleule, resini ileile na mikono ileile, yalipasuka mapema kuliko hata yale ya zamani yasiyo na unga. Kioo na kalenda vilisema safi, bamba likasema hapana. Aliyeumia zaidi alikuwa mwalimu mmoja wa hesabu, ambaye ndani ya miezi kumi na minane alivunjikiwa na miguu mitatu, wa mwisho ukiwa umemwangusha mbele ya ubao katikati ya somo. Kila mara aliuleta kwenye mfuko wa nailoni, akauweka juu ya kaunta na kusema kwa adabu, “Nimewaletea mguu wenu.” Mara ya tatu aliongeza kwamba mkuu wa shule ameanza kuuliza kama si afadhali apumzike nyumbani. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Bi Madonge ndiye aliyempokea siku hiyo, na aliporudi chumbani kwake hakunywa chai.

Meneja akaitisha kikao. Alikuwa na haki ya kukasirika, maana watu walikuwa wakianguka. Akatoa mwezi mmoja na nusu. Kama ndani ya muda huo hatutapata mabamba ya unga yaliyofika hatua milioni mbili kwenye mashine, tunarudi kwenye resini tupu, chumba cha mlango wa kijani kinafungwa, na mwalimu anapewa mguu wa aina ya zamani, wa kutembelea ndani ya nyumba, si wa kusimamia darasani siku nzima.

Mimi nilikuwa na daftari la majaribio. Chumbani kwangu kuna mashine tunayoiita Mtembezi, yenye miguu kumi na miwili ya chuma inayokanyaga mabamba kumi na mawili kwa pamoja, mara moja kila sekunde, mchana na usiku, mpaka bamba liseme basi. Kila bamba lina mstari wake daftarini: tarehe, saa lilipochanganywa, hatua lilizofika. Nililipekua daftari, nikaona jambo, nikalisema kikaoni kwa madaha ya mtu anayependa kusikilizwa. Katika miezi mitano, nilisema, ziko wiki mbili tu ambazo hakuna bamba hata moja lililovunjika mapema. Nazo ni zile wiki mbili ambazo Bi Madonge alikuwa likizo kumhudumia binti yake aliyejifungua, na mwenzake wa zamu ndiye aliyekuwa akichanganya. Kisha nikakaa. Watu wote walitazama meza. Baada ya kikao nilifungua ukurasa wa sitini na mbili, nikaandika kwa wino: kasoro ni mchanganyaji.

Sijivunii maneno hayo. Nilikuwa na takwimu, na mtu mwenye takwimu hujiona ana haki ya kuwa katili.

Yeye hakubisha. Alikuja mlangoni kwangu jioni, mkoba begani, akasema, “Mdogo wangu, niazime hilo daftari lako. Kesho nitalirudisha.” Nikampa. Nilidhani anataka kutafuta pa kujitetea, na ningekuwa mimi, ndicho ningefanya.

Mumewe ndiye aliyenisimulia baadaye alivyolifanyia. Alilitandaza juu ya meza ya kukatia nguo, akachukua chaki ya fundi cherehani, akaanza kuziandika saa za kuchanganya juu ya mbao za meza: mabamba mazima upande huu, mabovu upande ule. Alipomaliza, upande wa mazima ulijaa saa mbili, saa tatu, saa tatu na nusu. Upande wa mabovu hapakuwa na bamba hata moja lililochanganywa kabla ya saa nne. Mabovu yote yalizaliwa baada ya chai. Zikabaki zile wiki mbili za likizo, ambazo mabamba yalikuwa mazima kutwa. Alikaa akizifikiria, mume akiendelea kupiga pasi, mpaka akakumbuka kwamba alipoondoka likizo alilifungia birika kabatini, kwa sababu mtu mmoja, ambaye simtaji lakini ndiye anayeandika hapa, aliwahi kuliunguza kwa kuliwasha bila maji. Wiki hizo mbili watu walikunywa chai kwa mlinzi wa getini.

Unga wa kauri una kiu. Ukiuacha wazi, unakunywa unyevu wa hewani, na chembe zikilowa zinashikana kwa nguvu zaidi. Trei ya unga ilikaa wazi upande mmoja wa meza, birika likatoa mvuke upande wa pili, na yakazaliwa madonge magumu, madogo kiasi cha kukipita kioo na kalenda bila hata kusalimia. Kikulacho ki nguoni mwako, na chetu kilikuwa kikituchemshia chai kila siku saa nne.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo. Bi Madonge angeweza kunyamaza. Angelirudisha birika nyumbani kwake kimya kimya, mabamba yangepona, mwalimu angepata mguu, na karakana ingesema tu kwamba yule mama amejirekebisha. Badala yake alingoja kikao cha asubuhi kijae, akaingia, akaliweka birika juu ya meza ya meneja katikati ya karatasi zake, akasema, “Donge lenu hili hapa. Na ni la kwangu.” Mficha uchi hazai, aliongeza, kisha akavuta kiti.

Meneja aliuliza ushahidi uko wapi. Bi Madonge alikuwa ameshaupanga. Unga wa gunia moja uligawanywa kwenye trei mbili. Trei moja ilikaa nusu saa kando ya birika linalochemka. Ya pili ilikaushwa kwenye oveni na kufungwa kwenye chombo kisichopitisha hewa. Kila trei ikatoa mabamba sita, mkono wake uleule, resini ileile, Mbu yuleyule. Mabamba yakapewa nambari tu, na majibu yakatiwa ndani ya bahasha iliyofungwa. Alisisitiza mimi nisijue lipi ni lipi, kwa maelezo kwamba nina macho yenye maoni.

Mtembezi alianza Jumatatu saa mbili asubuhi. Siku ya nne bamba la kwanza lilipasuka. Siku ya tano mawili. Kufikia siku ya kumi na mbili yalikuwa yameanguka sita, na mengine sita yalikuwa yakikanyagwa bila hata kutoa mlio. Tulifungua bahasha mbele ya meneja. Sita yaliyoanguka yote yalikuwa ya birika. Sita yaliyosimama yote yalikuwa ya unga mkavu. Hata kwenye karata huwezi kuomba mgawanyo mzuri kama huo.

Lakini milioni mbili ilikuwa bado mbali, na mwezi ulikuwa ukiyoyoma. Kila asubuhi Bi Madonge alipita kwangu, akasoma namba kwenye kihesabu, akaiandika kiganjani kwa kalamu na kwenda zake. Hakugusa kitu. Mara moja nilimkuta akiongea na bamba namba tisa, nikarudi nyuma ili nisiingilie.

Mwalimu wa hesabu hakuhitaji kualikwa. Alikuwa amepiga hesabu mwenyewe nyumbani, na Jumatano ya wiki ya nne, saa tano na robo asubuhi, aliingia kwa magongo yake na kuomba kiti. Kufikia saa tano na nusu karakana yote ilikuwa imebanana chumbani kwangu, wahasibu, mafundi wa viatu, mlinzi wa getini, wengine wamesimama juu ya ndoo. Mwalimu alihesabu kwa sauti hatua kumi za mwisho, kama anavyofanya na wanafunzi. Kihesabu kikageuka kikasoma milioni mbili, mabamba sita yakaendelea kukanyagwa, na watu wakapiga vigelegele mpaka Mtembezi hakusikika. Meneja alimkumbatia mlinzi wa getini kwa makosa. Bi Madonge alikaa juu ya stuli yangu, akalia waziwazi bila kujifuta, kisha akaomba chai. Hapo ndipo tulipokumbuka kwamba birika lilikuwa limeshafungiwa stoo, likiwa na kibandiko cha kielelezo namba moja.

Hatukuizima mashine. Meneja alisema tuone mwisho wake, na mwisho wake ulikuja hatua milioni tatu na kitu, boliti ya Mtembezi ilipokatika. Mabamba yalikuwa mazima. Ndiyo mara ya kwanza katika historia ya karakana yetu kinachovunjwa kumvunja mvunjaji, na asiyekubali kushindwa si mshindani. Nilikubali, nikanunua boliti nyingine.

Yaliyofuata mnayajua, kwa sababu wengi wenu mko hapa kwa ajili hiyo. Mabamba ambayo zamani hayakumaliza mwaka sasa hupita miaka mitano. Tulikuwa watu kumi na wanne. Leo tuko sitini na watatu. Karakana nyingine zilileta watu wao wajifunze, na Bi Madonge amewafundisha wachanganyaji kumi na tisa, ambao hadi leo humtumia picha za vioo juu ya kalenda wakiomba hukumu. Juu ya mlango wa kijani kuna kanuni zilizopakwa rangi, na ya kwanza inasema hakuna kinachochemka humu. Chai ilihamia chumbani kwangu, kwa hiyo kwa miaka kumi na minne mmeinywa mkipigiwa kelele na Mtembezi, na malalamiko yenu nimeyapokea. Alipopandishwa kuwa msimamizi alikubali kwa sharti kwamba meza yake ibaki palepale. Kasoro yake ni moja tu, nayo ni kwamba huwezi kula naye. Akipewa supu, hukoroga, huinua kijiko kwenye mwanga, na mwenye nyumba hukosa amani.

Kuhusu mwalimu, alivishwa mguu wa kundi lile la unga mkavu. Alitembea nao miaka sita na miezi miwili. Siku moja akaingia na mfuko wa nailoni, akauweka kaunta na kusema, “Nimewaletea mguu wenu,” na sote tukapoa. Kumbe soli na sifongo la nje ndivyo vilivyokwisha. Bamba lilikuwa zima kabisa. Mguu huo ulistaafu kwa afya njema, na upo kwenye kabati la kioo mapokezi. Mwenyewe siku hizi ndiye mkuu wa shule ile.

Bi Madonge anarudi nyumbani kwa mumewe, ambaye amemwachia nusu ya meza ya kukatia nguo na kuapa kwamba hataifuta ile chaki iliyobaki kwenye nyufa za mbao. Mjukuu aliyezaliwa katika zile wiki mbili za likizo ana miaka kumi na minne sasa, na hudai kwamba ugunduzi wote ni wake, kwani asingezaliwa siku ile, bibi asingeenda likizo. Hoja yake haina ufa.

Limebaki jambo langu. Katika chumba cha majaribio tuna sheria moja: daftari halifutwi. Ukikosea, mstari unabaki ulivyo, na sahihisho huandikwa pembeni kwa tarehe na saini. Ule mstari wa ukurasa wa sitini na mbili umekaa miaka kumi na minne bila sahihisho. Mwanzoni nilijiambia kwamba sikukosea sana, kwani birika si lilikuwa lake? Baadaye nilijua nimekosea na nikaona haya, na haya ikiachwa ikae nayo huganda. Yeye hakuwahi kuniomba niufute wala kuniongelea kwa watu. Mara moja tu kila mwaka, siku ya kukagua vifaa, alichungulia mlangoni kwangu na kuuliza, “Mdogo wangu, ukurasa wetu haujambo?” Nilijibu haujambo, akacheka, akaenda zake.

Leo asubuhi, kabla ya kukabidhi makala hii, nimelifungua daftari. Pembeni ya mstari ule nimeandika: kasoro ilikuwa mvuke wa birika. Mchanganyaji ndiye aliyeiona, na ndiye aliyeisema mbele ya watu wakati angeweza kunyamaza. Aliyekosea ni mvunjaji. Nimetia tarehe na saini yangu, na meneja ametia yake chini.

Ijumaa saa nane mchana tukutane sote ukumbini. Birika limetolewa stoo, limesuguliwa, na mfuniko wake hatimaye umekazwa. Mwalimu atakuwepo, kwa miguu yake yote miwili, na ndiye atakayemimina kikombe cha kwanza. Daftari litakuwa mezani, limefunguliwa ukurasa wa sitini na mbili.

Dada, asante kwa mabamba, kwa vioo na kalenda, na kwa asubuhi ile uliyoingia kikaoni na birika mkononi. Kuna watu wengi wanaotembea huko nje ambao hawatajua kamwe kwamba wewe ndiye uliye chini ya kisigino chao. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wasiokuchosha. Birika ni lako, nenda nalo. Kuanzia Jumatatu, lichemshe popote upendapo.